Tarehe 2 mwezi wa 8: siku ya inchi na siku za vijiji vyetu



Kila mwaka mwezi wa nane ukikaribia, ulizo moja linarudi katika mikutano yetu: ile tarehe 2 ni siku ya nini kabisa? Vijana waliozaliwa kambini Tanzania wanasikia redio ikitaja « Génocost », lakini hawajui neno hilo lilitoka wapi. Wazee nao wanasema: « Siye tuko na tarehe yetu. Hiyo ya Kinshasa ni ya Leta. » Tumeona vizuri tuandike kidogo historia ya siku hiyo: ilitoka wapi, inakumbusha nini, na kwa nini sisi tuliokimbia na kurudi hatuwezi kuwaachia wakubwa peke yao.

Kwanza walikumbukwa askari

Desturi ya kuweka siku moja ya inchi nzima kwa kukumbuka vita haikuanzia kwetu. Vita ya kwanza ya dunia ilikwisha tarehe 11 Novemba 1918, saa tano ya asubuhi. Mwaka uliofuata, Uingereza ilianza desturi ya watu wote kusimama na kunyamaza dakika mbili, saa ile ile. Ubelgiji ilizika askari mmoja asiyejulikana jina chini ya mnara wa Colonne du Congrès, mjini Brussels, tarehe 11 Novemba 1922, ili kaburi lake liwe kaburi la wote waliopotea. Katika mji wa Ieper, hukohuko Ubelgiji, mlango mkubwa unaoitwa Menin Gate umechorwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa Uingereza na wa makoloni yake, waliokufa pale na makaburi yao hayajulikani. Toka 1928 tarumbeta inapigwa hapo jioni saa mbili.

Kunyamaza, shada la maua, tarumbeta, ukuta wa majina: mambo haya tunayoyaona leo kwenye televisheni, mengi yalienea toka wakati ule.

Na Wakongomani walikuwa ndani ya vita ile. Jeshi la Force Publique liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, likiwafukuza Wajerumani. Tabora, wengi wetu tunaijua: treni ya Kigoma inapita pale. Lakini askari hawakufika kule peke yao. Risasi, chakula, mahema, vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na watu, kichwani na mabegani. Wanahistoria wanahesabu kama wapagazi 260,000 walioitumikia Force Publique katika vita hiyo, na wengi walichukuliwa huku kwetu mashariki. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya milima. Leo Brussels kuna barabara yenye jina la Tabora. Ukuta wenye majina ya wapagazi wale, sisi hatujauona popote.

Hata askari wenyewe walingoja sana. Mzee Albert Kunyuku, aliyepelekwa hadi Burma katika vita ya pili ya dunia, alipewa nishani na mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi wa sita 2022. Alikuwa na miaka 100, na vita ilikuwa imekwisha miaka 77. Wenzake hawakuweko tena kwa kumpigia makofi.

Hilo ni funzo la kwanza. Siku ya ukumbusho inaweza kuwekwa, na wenye kukumbukwa wakakosa kuonekana ndani yake, kama hakuna aliyewaandika.

Halafu wakaja mashujaa

Baada ya uhuru wa 1960, inchi yetu ilijiwekea siku zake. Tarehe 4 Januari tunakumbuka mashahidi wa uhuru, wale waliopigwa risasi Léopoldville mwaka 1959. Tarehe 16 Januari ni ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa 2001. Tarehe 17 Januari ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga mwaka 1961. Siku hizi ni kubwa na tunaziheshimu. Watoto wetu wanazijifunza masomoni.

Lakini angalieni vizuri: ni siku za watu waliosimama mbele ya watu. Mama aliyekufa akitoka shambani, mtoto aliyezama ziwani usiku, mzee aliyebaki nyumbani kwa sababu miguu ilikataa, hao hawakuwa na siku yoyote katika kalenda ya inchi.

Kwa nini tarehe 2

Mwezi wa saba 1998 ulipokuwa unaisha, Raisi Laurent-Désiré Kabila aliwaambia wanajeshi wa Rwanda, waliomsaidia kumwondoa Mobutu mwaka uliotangulia, warudi kwao. Tarehe 2 Agosti 1998 wanajeshi waliasi mashariki, Goma na Bukavu, na ikatangazwa redioni kwamba Kabila hatambuliwi tena. Siku mbili baadaye ndege zilitoka Goma zimebeba askari, zikatua Kitona, karibu na bahari ya Atlantika, upande mwingine kabisa wa inchi. Siku chache tu, Uvira nayo ikawa mikononi mwao. Kundi lao lilijiita RCD. Rwanda, Uganda na Burundi zilikuwa upande mmoja. Angola, Zimbabwe na Namibia zilikuja kumtetea Kabila. Mkataba ulitiwa sahihi Lusaka mwezi wa saba 1999, lakini bunduki hazikunyamaza. Ikabidi kungoja mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 na serikali ya mpito ya 2003.

Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kusimuliwa. Wengine walikuwa wamevuka toka vita ya 1996, wengine wakafuata 1998 na 1999. Mitumbwi, Kigoma, halafu Nyarugusu ao Lugufu. Waliobaki walilala porini. Shirika la IRC lilikadiria kwamba toka mwezi wa nane 1998 mpaka mwezi wa nne 2007 watu milioni 5.4 walipoteza maisha juu ya vita hii na matokeo yake. Wataalamu wengine wanaibishia hesabu hiyo. Lakini jambo moja iliyoonyesha, kila mtu aliyelala porini analijua: wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, kuvimba mwili kwa kukosa chakula, na kuzaa bila mkunga. Hao njo wa kwanza kusahauliwa, kwa sababu hakuna anayesema « waliuawa ».

Miaka mingi tarehe 2 Agosti ilipita hivi hivi. Walioanza kuisimamisha ni vijana wa Kongo wanaoishi Uingereza, katika jukwaa lao liitwalo CAYP. Toka 2013 walikuwa wanakusanyika siku hiyo na kuwasha mishumaa. Ni wao walitunga neno « Génocost »: mauaji ya halaiki kwa ajili ya faida, yaani watu wanakufa ili dhahabu, koltani na mali nyingine ya udongo wetu itoke kwa bei ya chini. Neno lenyewe linabishaniwa na wanasheria. Lakini ni vizuri tukumbuke: siku hii haikuzaliwa katika ofisi. Ilizaliwa na watu walio mbali na kwao, kama tulivyokuwa siye wenyewe kambini.

Leta iliifuata baadaye. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 iliweka kanuni za kuwalinda na kuwafidia watu waliotendewa ukatili wa kingono wakati wa vita, na wahanga wa makosa mengine makubwa juu ya amani na usalama wa wanadamu. Pamoja nayo tarehe 2 Agosti ikawa siku ya inchi ya kukumbuka wahanga, na tarehe 2 Agosti 2023 ikafanywa rasmi kwa mara ya kwanza. Pakawekwa pia mfuko wa fidia, FONAREV, ambao umepangiwa asilimia 11 ya kodi ile kampuni za madini zinalipa juu ya mali wanayochimba. Mutaona wazo lililo ndani yake: kama udongo ndio ulioleta vita, basi udongo usaidie kuponya.

Vijiji vilikuwa na tarehe zao

Sasa turudi kwa wazee wanaosema « siye tuko na tarehe yetu ». Wanasema kweli. Kabla sheria haijaandikwa, Kivu ya Kusini ilikuwa na kalenda yake ya kilio.

Lemera inakumbuka tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa walipouawa vitandani pamoja na wauguzi wao. Hospitali ile ilikuwa inaongozwa na daktari Denis Mukwege, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

Kasika inakumbuka tarehe 24 Agosti 1998. Wiki tatu tu baada ya vita kuanza, watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika vijiji vya Kilungutwe, Kalama na Kasika, katika teritware ya Mwenga. Mwami wa pale aliuawa, padri na watawa wa parokia waliuawa.

Makobola inakumbuka mwisho wa mwaka. Toka tarehe 30 Desemba 1998 mpaka tarehe 2 Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Kwa watu wengine Bonane ni nguo mpya na muziki. Kwa jamaa za Makobola, Bonane inakuja pamoja na kilio.

Katogota, katika bonde la Ruzizi, inakumbuka tarehe 14 Mei 2000. Na mbali na kwetu, Kisangani inakumbuka mwezi wa sita, kwa sababu ya zile siku sita za 2000, tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katikati ya mji. Juu ya vita ile na matendo mengine, Korti ya Kimataifa ya Haki iliamua mwezi wa pili 2022 kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325.

Hesabu hizi za Kasika na Makobola tumezitoa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa « Mapping », iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010. Ripoti hiyo ilikusanya matukio makubwa 617 ya mwaka 1993 mpaka 2003, na juu ya vijiji hivi inawataja askari wa RCD pamoja na askari wa Rwanda, na Makobola pia wa Burundi. Ni kazi kubwa, na watu wetu wengi walikubali kusema mbele ya wachunguzi. Lakini « zaidi ya 800 » ni hesabu. Haiko jina.

Kilio kisichofanywa

Kwetu mtu akifa, tunajua la kufanya. Tunakusanyika, tunalala kilio, majirani wanaleta kuni, maji, unga na kidogo cha mfuko. Mtu mzima anasimama na kusema marehemu ni mtoto wa nani, alitoka wapi, aliacha nani, ana deni kwa nani. Siku ya mwisho tunaondoa matanga, halafu maisha yanaendelea. Mpaka hapo, aliyekufa anahesabiwa kuwa amekwenda vizuri.

Wafu wetu wa vita hawakupata hayo. Wengine walifunikwa na udongo mwepesi na watu waliokuwa wanakimbia. Wengine waliachwa. Habari ilitufikia kambini miezi baadaye, kinywa kwa kinywa, na hatukujua kama tulie ao tungoje. UNHCR ilipoanza kuturudisha kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, mwezi wa kumi 2005, kazi ilikuwa nyumba, shamba, na watoto kuingia masomo. Kilio kikabaki nyuma.

Hivi njo tunavyoielewa tarehe 2 Agosti: ni kilio cha inchi kwa wale ambao hawakufanyiwa kilio. Na kilio hakikamiliki bila mtu kusimama na kutaja jina. Shada la maua ni zuri, hotuba ni nzuri, lakini katika desturi yetu hakuna kilio cha « watu zaidi ya 800 ». Kuna kilio cha fulani, mtoto wa fulani.

Mwezi wa nane ni wa wote

Tuko na jambo lingine la kusema, na tunaomba lisomwe kwa moyo mtulivu.

Mwezi huu wa nane una tarehe tatu nzito kwa watu wa kwetu. Tarehe 2 ni mwanzo wa vita. Tarehe 24 ni Kasika. Na katikati kuna tarehe 13 Agosti 2004, usiku ule wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba, upande wa Burundi, karibu kabisa na Uvira. FNL, kundi la waasi wa Burundi, lilisema ni lenyewe lililofanya. Walikuwa wamevuka mpaka kutafuta usalama, jinsi siye tulivyovuka ziwa. Ripoti ya Mapping pia inaandika juu ya watu waliokamatwa na kuuawa Kinshasa na Lubumbashi mwaka 1998 kwa sababu tu waliitwa Batutsi.

Siku ya ukumbusho inaweza kuponya, inaweza pia kunoa kisu. Tukiifanya siku ya Babembe peke yao, ao ya Bafuliru peke yao, ao ya Banyindu peke yao, basi kila kabila itahesabu wafu wake na kufunga mlango. Mtoto atatoka pale na jina la adui, hatatoka na jina la bibi yake. Na bado tuko na vita: Goma iliingiliwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na watu wamekimbia tena, wengine kwa mara ya tatu ao ya nne. Wakati kama huu, kumbukumbu ni kama petroli. Inaweza kuwasha taa, inaweza kuchoma nyumba.

Kumkumbuka mfu wa jirani hakupunguzi wa kwetu. Tena hakufuti kosa la mwenye kosa. Haki inawatafuta waliotenda, mmoja mmoja, kwa majina yao. Haitafuti ukoo mzima.

Kazi iliyo mbele yetu

Wapagazi wa Tabora walipotea katika historia kwa sababu hakuna aliyeandika majina wakati walioyajua walikuwa hai. Toka 1998 watu waliokuwa na miaka 50 wamekuwa wazee sana, na kila mwaka tunawazika wengine. Mzee mmoja akiondoka, anaondoka na kijiji kizima kichwani mwake. Njo maana tunaomba kila kikundi cha chama kiwe na kaye moja ya majina, na tuifanye hivi:

Kwanza, jina lote la marehemu, la baba na la mama, kijiji, na miaka aliyokuwa nayo kwa kukadiria. Pili, alikufa vipi. Waandikwe pia waliokufa kwa ugonjwa na njaa porini, waliozama ziwani, na waliozikwa kambini Tanzania. Tatu, kaburi liko wapi, kama linajulikana. Nne, nani anashuhudia, na yuko tayari kuitwa siku moja ao hapana.

Mambo ya ubakaji yasiandikwe katika kaye ya kikundi. Mama mwenye kutaka kusema asindikizwe na mtu anayemwamini mpaka mahali pa matunzo, na siri yake ibaki yake. Kaye isiachwe mikononi mwa mtu mmoja: iandikwe mara mbili, moja ikae kwa sekretari, nyingine mahali pengine pa usalama, kwa sababu tunajua nyumba zinaungua.

Tuseme wazi pia: kuandikwa katika kaye si ahadi ya pesa. FONAREV ina njia zake za kutambua wahanga, na chama hakiwezi kumwahidi mtu fidia. Mtu yeyote anayewaomba malipo ili jina lenu liingie, mkataeni. Lakini familia yenye majina, tarehe na mashahidi haitaingia ofisini mikono mitupu siku itakapoulizwa.

Kwa wafadhili wetu: munaponunua kaye na kalamu, munapolipa mtumbwi ao pikipiki ili mzee afike kwenye kaburi la watoto wake, ao sima kidogo ya kujengea kaburi la pamoja, musifikiri ni kitu kidogo kuliko mbegu na mabati. Mtu akishamlilia wake, anapata nguvu ya kulima.

Tarehe 2, saa sita ya mchana, kila kikundi kikusanyike palipo karibu, kanisani, msikitini ao chini ya mti. Tunyamaze dakika moja pamoja na inchi nzima. Halafu majina yasomwe, polepole, na watoto njo wayasome, siye tuwasikilize. Makobola na Kasika wataendelea na tarehe zao, na waliofiwa Gatumba na yao. Tunaomba tu, kijiji kikiwa kwenye kilio chake, kikundi cha jirani kitume watu wawili na kuni.

Mungu awafariji wote wenye kulia.

Komite ya chama